Namba Ikishasomwa, Nani Anaipokea?

Ndugu wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ya jamii, na ninyi mnaopanga bajeti za zahanati na vituo vya afya, asanteni kwa kuitika.

Mada niliyopewa ni simu na vifaa vya kuvaa mwilini katika kutibu na kuhudumia wagonjwa. Nitaanza na simu ya kitochi. Hapa kwetu Afrika Mashariki kazi yake imepimwa kitafiti, na matokeo yake yanatufundisha jinsi ya kuvitumia hata vifaa vya bei ghali.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofuatilia watu 538 walioanza ARV katika kliniki tatu nchini Kenya. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine, kila Jumatatu, walitumiwa ujumbe mfupi wenye neno moja tu: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki, na aliyekaa kimya alipigiwa pia. Baada ya mwaka mmoja, waliosema wanameza dawa barabara walikuwa asilimia 62 katika kundi la ujumbe na asilimia 50 katika kundi la kawaida. Waliopimwa na kukutwa virusi vimefubazwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Tazameni ujumbe ule ulivyokuwa. Haukutaja dawa, haukutaja ugonjwa, haukumkumbusha mtu kumeza chochote. Kama simu ilikuwa mkononi mwa shemeji au mtoto, hakuna siri iliyovuja. Nguvu yake ilikuwa katika kitu kilichofuata: mtu mwenye jina, aliyepangiwa zamu, aliyeshika simu na kuuliza kuna shida gani.

Utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa 2011, ulilinganisha ujumbe wa kukumbusha dawa wa kila siku na wa kila wiki. Wa kila wiki ulisaidia: asilimia 53 walifikia kumeza angalau asilimia 90 ya dozi zao, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa kitu. Wa kila siku haukuleta tofauti ya kuaminika, na kurefusha ujumbe kwa maneno ya kutia moyo hakukuongeza faida. Kwa hiyo anayekuja kuwauzia mfumo wa kumtumia mgonjwa ujumbe asubuhi, mchana na jioni, muulizeni ushahidi wake uko wapi.

Na Tanzania, kuanzia 2009 hadi mwanzoni mwa 2010, kulikuwa na jaribio la SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo 129 vilipata ujumbe kila Alhamisi vikiulizwa vimebakiwa na dawa mseto na kwinini kiasi gani. Mhudumu alihesabu, akajibu bila kulipia, na akijibu kabla ya Ijumaa saa 11 jioni aliongezewa muda wa maongezi. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa za malaria. Wiki ya 21, ilikuwa asilimia 26. Ujumbe wenyewe hauleti hata kidonge kimoja. Kilicholeta dawa ni ofisi ya mganga mkuu wa wilaya kuona kituo hiki kimeishiwa na cha jirani kina ziada, kisha kuzihamisha. Lindi Vijijini, waliofuatilia kwa karibu, walifika sifuri. Kigoma Vijijini walianza na asilimia 93 na kuishia 47. Ujumbe ni ule ule na swali ni lile lile.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na mengine yote yanalihudumia: kabla ya kununua kifaa, andikeni namba yake itamfikia nani, saa ngapi, na huyo atafanya nini. Msipoweza kujaza nafasi hizo tatu, fedha hiyo nunueni dawa.

Sasa tuje kwenye mashine ya presha ya nyumbani. Nitakaa hapa kwa muda, maana ndiyo yenye faida kubwa kwa bei ndogo, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi.

Kosa la kwanza ni ukubwa wa kitambaa kinachofungwa mkononi. Kinachokuja na mashine nyingi kinafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Chukueni tepe ya fundi cherehani, pimeni katikati ya bega na kiwiko. Mkono wa sentimita 36 ukifungwa kitambaa cha 32, namba itapanda. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba mtu anayehitaji kitambaa kikubwa zaidi kuliko vyote akipimwa kwa kile cha kawaida, namba yake ya juu huzidi kwa karibu 20. Ina maana mtu mwenye 125 anaandikwa 145, anaanzishiwa dawa, na wiki ya pili anaanguka bafuni kwa kizunguzungu. Kitambaa kikubwa kupita kiasi nacho hushusha namba, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Mashine moja yenye vitambaa viwili vya ukubwa tofauti ina thamani kuliko mashine mbili zenye kitambaa kimoja kimoja.

Kosa la pili ni mkao. Mgonjwa aende haja ndogo kwanza. Asiwe amekunywa kahawa wala chai ya rangi, asiwe amevuta sigara wala kufanya kazi nzito kwa nusu saa. Akae kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo mbili chini, miguu haijapishana. Mkono uwe mtupu, bila shati wala kanga, uwekwe juu ya meza ili kitambaa kiwe usawa wa moyo. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, namba inaongezeka kama 7 au 8, na hiyo ni uzito wa damu tu, hakuna ugonjwa hapo. Ukingo wa chini wa kitambaa ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko, na vidole viwili viweze kupenya chini yake. Kisha dakika 5 za kukaa kimya. Asiongee, na ninyi msimwulize habari za shamba mashine ikiwa inajaa upepo, kwa sababu kuongea peke yake kunapandisha namba.

Apime mara mbili, dakika moja ikipita katikati, asubuhi kabla ya dawa na kabla ya kula, na tena jioni. Afanye hivyo siku 7 kabla ya kuja kliniki. Hapo mtakuwa na vipimo 28. Vya siku ya kwanza vifutwe, maana mtu anakuwa bado anaiogopa mashine, na 24 vilivyobaki vijumlishwe na kutafutiwa wastani. Akishindwa siku 7, siku 3 ni kiwango cha chini. Wastani wa nyumbani ukiwa 135/85 au zaidi, hiyo ni presha ya juu. Kumbukeni kwamba kipimo cha kliniki kinatumia 140/90, kwa sababu mtu kliniki hupanda kidogo. Wapo wenye presha ya kliniki tu, na wapo wenye presha nyumbani inayojificha wakifika kliniki. Bila kupima nyumbani hamtawajua wote wawili.

Mashine inayotuma namba kwenye simu kwa Bluetooth inaondoa tatizo la kuandika 120/80 kila siku ili daktari asigombe. Lakini inaleta matatizo yake. Familia nzima inapima kwa mashine ile ile, na presha ya baba inaingia kwenye faili la mama. Betri zikibadilishwa, tarehe ya mashine hurudi nyuma na vipimo vya leo vinaonekana vya miaka iliyopita, kwa hiyo mfundisheni mgonjwa kurekebisha tarehe kila anapoweka betri mpya. Betri zikidhoofika, mashine huleta makosa katikati ya kupima, na watu wengi huitupa kabatini wakidhani imekufa. Kitambaa nacho huchoka na bomba lake hupasuka. Ileteni mashine kituoni mara moja kwa mwaka ilinganishwe na ya kituo kwa mtu yule yule, mkono ule ule. Na kabla ya kununua, tafuteni jina la modeli kwenye STRIDE BP, orodha ya mashine za presha zilizothibitishwa, inayopatikana bure mtandaoni. Modeli yenyewe ndiyo inayothibitishwa, wala si jina la kampuni. Kama mteja ni mjamzito, hakikisheni modeli hiyo imejaribiwa kwa wajawazito, maana nyingi hazijajaribiwa.

Hapo ndipo tunarudi kwa mpokeaji. Bandikeni ukutani viwango vyenu. Huu ni mfano unaoweza kurekebishwa na daktari wenu. Mgonjwa akipata 180/120 au zaidi, atulie dakika 5 na kupima tena. Ikibaki hapo na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, amelegea upande mmoja, anasema maneno yasiyoeleweka au haoni vizuri, aende hospitali sasa hivi, asisubiri kupigiwa. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, apigiwe simu siku hiyo hiyo, na akatazwe kumeza vidonge vya ziada kwa uamuzi wake au kwa kuazima vya jirani. Mjamzito ana viwango vyake: 140/90 apigiwe siku hiyo, 160/110 aende hospitali mara moja. Mjamzito anayelalamika kichwa kuuma sana, macho kuona vimulimuli au maumivu ya juu ya tumbo aende hata kama mashine inasema salama, kwa kuwa kifafa cha mimba hakisubiri mashine ikubali.

Muuguzi wa zamu afungue orodha saa 2 asubuhi na saa 9 alasiri. Jumamosi na Jumapili jina la nani limeandikwa? Mifumo mingi hufia hapo. Mgonjwa ameambiwa "tunakuangalia", namba imeingia Ijumaa usiku, na imeonekana Jumatatu. Kama hakuna wa mwisho wa wiki, mwambieni mgonjwa wazi kwamba siku hizo hakuna anayetazama, na mpeni namba ya wodi ya dharura. Na viwango msiviweke chini mno. Muuguzi anayepata kengele 60 kwa siku, 57 kati ya hizo zisizo na maana, ataacha kuzifungua, na hatakuwa mvivu kwa kufanya hivyo.

Kifaa cha pili ni kipima oksijeni cha kidoleni. Kinapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, mwekundu na ule usioonekana kwa macho, kisha kinahesabu ni damu kiasi gani imebeba oksijeni. Chochote kinachouzuia mwanga huo kinaharibu kipimo. Rangi ya kucha ifutwe. Kidole chenye piko au hina nyeusi kiachwe, mtumie kingine au kidole cha mguu. Hili katika pwani yetu si jambo dogo, kwa kuwa bibi harusi na mama aliyetoka arobaini nao huugua. Mkono wa baridi upashwe joto kwanza. Subirini hadi mawimbi ya mapigo yatulie, kama nusu dakika, ndipo msome. Namba ya kwanza kutokea si ya kuandika. Kibanio cha mtu mzima kwenye kidole cha mtoto mchanga kinadanganya, na watoto wana vibanio vyao.

Lipo jambo zito zaidi kuhusu kifaa hiki. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walilinganisha vipima oksijeni na vipimo vya damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Kwa wagonjwa ambao kifaa kilionyesha kati ya asilimia 92 na 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, na kwa asilimia 3.6 ya wagonjwa weupe. Kifaa kinaisoma ngozi nyeusi kwa kuzidisha. Sisi ndio wenye ngozi hiyo. Kwa hiyo anayehema kwa kasi, mbavu zinabonyea, pua zinapanuka, msimrudishe nyumbani kwa sababu kidole kimesema 93. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima. Pimeni mara kadhaa mwone kama namba inashuka, maana mwelekeo unaaminika kuliko namba moja.

Na jiko la mkaa. Mtu aliyelala chumba kilichofungwa na jiko la mkaa ndani akiletwa amechoka, kichwa kinamgonga, amechanganyikiwa, kipima oksijeni kitaonyesha 98 au 99. Hewa ya sumu ya mkaa ikishikamana na damu, kifaa kinaiona kama oksijeni. Mtoeni nje, mpeni oksijeni, mpelekeni hospitali, na hiyo 99 isimzuie mtu yeyote kuchukua hatua.

Saa janja nitazipitia kwa haraka zaidi. Nyingi zinatumia mwanga wa kijani chini ya saa kuhesabu mapigo. Saa ivaliwe juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, iwe imebana bila kuumiza. Ikilegea, mwanga wa nje unaingia. Mtu akikimbia, saa inaweza kushika mdundo wa hatua zake na kuuita mapigo ya moyo, kwa hiyo kijana anayeonyesha mapigo 170 na huku anaongea bila kuhema, mpimeni kwa vidole kwenye mshipa. Kuchora mdundo wa moyo kwa saa, kwa kugusa kitufe sekunde 30, kunaweza kubaini moyo unaodunda bila mpangilio, jambo linalosababisha kiharusi kwa wazee. Hakuwezi kubaini shambulio la moyo. Mtu mwenye maumivu ya kifua aliyesomewa "mdundo wa kawaida" na saa yake bado ni mgonjwa wa dharura.

Utafiti mkubwa wa Marekani wa Apple Watch uliandikisha watu zaidi ya 419,000, na waliopata taarifa ya mdundo usio sawa hawakufika asilimia 1. Kati ya walioipata na kurudisha kipimo cha kubandika kifuani, karibu theluthi moja ndio walioonekana na tatizo hilo siku walizokivaa. Hiyo haina maana kwamba waliobaki walidanganywa, kwa sababu tatizo hili huja na kuondoka. Ina maana kwamba taarifa ya saa ni sababu ya kwenda kupimwa kwa ECG kamili, yaani kipimo cha kuchora umeme wa moyo. Si sababu ya kuanza dawa ya kuzuia damu kuganda.

Saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi zinauzwa mitandaoni kwa wingi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari peke yake bila kutoboa ngozi. Mgonjwa anayedunga insulini kwa kufuata saa hiyo anaweza kufa kwa sukari kushuka. Waambieni hivyo hivyo, bila kupunguza maneno.

Kinachofanya kazi kweli ni kile cha kubandika mkononi chenye uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, kinachokaa siku 7 hadi 15 kutegemea aina. Kinapima majimaji yaliyo katikati ya chembe za mwili, na yale hufuata damu kwa kuchelewa dakika kadhaa. Sukari ikiwa inapanda au kushuka kwa kasi, namba ya kifaa inakuwa nyuma. Mgonjwa anayetetemeka na kutoka jasho, kifaa kikisema 5, yaani sukari ya kawaida, atobolewe kidole. Akilala juu ya mkono wenye kifaa, kifaa kinabanwa na kuonyesha sukari imeshuka usiku, wakati haijashuka. Na baadhi ya vifaa hivi huharibiwa na vitamini C au paracetamol kwa wingi, kwa hiyo someni karatasi yake kabla ya kumpa mgonjwa mwenye homa. Bei yake bado haishikiki kwa wengi wetu. Mwenye uwezo wa kununua vibandiko vya mwezi mmoja tu ni heri anunue vijiti vya kutoboa kidole vya miezi mingi.

Mwisho ni simu zenyewe. Programu ya mhudumu wa afya ya jamii lazima ihifadhi kazi bila mtandao na kuituma baadaye. Mnunuzi aijaribu kwa kuzima mtandao kabisa, kujaza fomu kumi, kuzima simu na kuiwasha. Kama hata moja imepotea, asisaini. Mhudumu atume kazi kila jioni anapopata mtandao, kwa kuwa simu ikianguka kisimani na kazi ya wiki mbili imo, kaya zote zile zitembelewe upya. Bando, chaji na kioo kilichovunjika viwekwe kwenye bajeti tangu mwaka wa kwanza. Mhudumu asiyelipiwa bando hatumi data, na mnajua hivyo.

Sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa vitendo ni hivi. Mnapomwandikisha mgonjwa, mwulizeni ni nani mwingine anayeishika simu hii, na saa ngapi simu inakuwa mkononi mwake. Mkubaliane maneno ya ujumbe. Jina la kliniki lisitokee kama linafichua ugonjwa. Ithibitisheni namba kila anapokuja, maana laini isiyotumika hufungwa na kupewa mtu mwingine, na ujumbe wa mgonjwa wenu ukaanza kumfikia mgeni. Mnapopiga, ulizeni kwanza mnazungumza na nani. Akipokea mtu mwingine, semeni mtapiga tena baadaye, basi.

Mashine tatu za presha na vitambaa vya ukubwa tofauti viko meza ya nyuma, pamoja na tepe. Tugawane wawili wawili, tupimane mizunguko ya mikono kwanza, kisha kila mmoja amfunge mwenzake kitambaa kisichomfaa na kinachomfaa, aandike namba zote mbili.